Nilivyosoma sheria ya anga za juu kwa kozi ya Julai, nikiwa Tanga

Mawakili wenzangu na vijana kadhaa wa vyuo wameniuliza kama kozi ya kiangazi ya sheria na sera ya anga za juu inastahili pesa na muda wa mtu. Jibu langu ni ndiyo, na kwa mtu wa pwani hii ni ndiyo kubwa. Ila ingia ukiwa na mifano yako mwenyewe, maana kozi hizi zimetungwa kwa kuwafikiria watu wa nchi zinazorusha roketi. Sisi tunaoishi chini ya hizo setelaiti tunapata nafasi pale tunapoidai.

Mimi ni wakili hapa Tanga, na kazi zangu nyingi zinatoka bandarini: mizigo iliyoharibika, mikataba ya usafirishaji, mivutano ya mawakala na wenye mali. Kozi niliyosoma inaendeshwa na chuo kimoja cha Ulaya, na ina fungu la washiriki wa mtandaoni. Ada ya kawaida ni nzito kwa mfuko wa mtu wa hapa. Kuna punguzo kwa waombaji wa nchi zinazoendelea, lakini halitangazwi sana. Inabidi uliulizie, kisha uandike barua ya kueleza utaitumiaje elimu hiyo. Usiandike mambo makubwa yasiyo na ushahidi. Mimi niliandika kuhusu bandari, wavuvi na picha za setelaiti za mikoko, wakakubali.

Saa za masomo hazisumbui. Wao wakianza saa tatu asubuhi, kwetu ni saa nne. Kesi zangu nyingine nilizisogeza, na zisizosubiri alinishikia mwenzangu wa ofisini, Mungu ambariki.

Mwanzo wa kozi ni misingi, na inapitishwa haraka. Unaanza na tofauti ya anga hii ya ndege na anga za juu. Anga ya ndege ni mali ya nchi iliyo chini yake, jambo lililothibitishwa na Mkataba wa Chicago wa 1944. Anga za juu hazina mwenyewe. Mpaka kati ya hizo mbili ni upi? Wengi hutaja kilomita 100, lakini hakuna mkataba wa kimataifa uliouweka mpaka huo. Nilishangaa kwamba miaka yote hii mataifa yanarusha vyombo bila kukubaliana wapi hasa anga ya mtu inakoma. Halafu unaingia kwenye Mkataba wa Anga za Juu wa 1967, ndio mama wa yote: anga za juu ni huru kwa nchi zote kuzichunguza, hakuna nchi inayoweza kujitwalia Mwezi au sehemu yoyote ya huko, silaha za nyuklia haziruhusiwi kuwekwa kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia, na kila nchi inawajibika kwa yanayofanywa huko na watu wake, makampuni binafsi yakiwemo. Baadaye zikafuata hati nyingine nne, ya uokoaji ya 1968, ya dhima, yaani wajibu wa kulipa madhara, ya 1972, ya usajili ya 1975 na ya Mwezi ya 1979. Wakili yeyote anaweza kuzisoma hizo mwenyewe nyumbani. Thamani ya kozi iko kwenye mabishano yanayofuata.

Siku iliyonibadilisha ilikuwa ya somo la dhima. Mwalimu aliuliza swali linaloonekana jepesi: nchi inayorusha ni ipi? Kwa mkataba wa 1972, jina hilo linabeba nchi inayorusha yenyewe, nchi inayoagiza chombo kirushwe, na ile ambayo ardhi yake au mitambo yake imetumika. Wanafunzi wakatoa mifano ya viwanja vya kurushia vya Florida, Guiana ya Ufaransa na Kazakhstan. Nikanyoosha mkono nikataja Malindi.

Kimya kilipita, kisha mwalimu akaniomba nieleze. Nikaeleza kwamba Waitaliano walijenga jukwaa la San Marco baharini, kwenye pwani ya Kenya kaskazini ya Malindi, na setelaiti yao ya kwanza kutoka hapo iliruka Aprili 1967, mwaka uleule wa mkataba mkuu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikarushwa kutoka hapohapo setelaiti ya Wamarekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka kwenye nyota, ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi hiyo. Wakaipa jina Uhuru. Roketi ilikuwa ya Kimarekani aina ya Scout, warushaji Waitaliano, setelaiti ya NASA, na maji ni ya pwani ya Mswahili.

Kama ingelianguka ikaua watu, nani angelipa? Darasa zima likaingia kwenye swali hilo, na muda wa kipindi ukaisha watu bado wanavutana. Italia ilirusha, hilo halina ubishi. Marekani ilikuwa na chombo chake na roketi yake. Na Kenya je? Tukaanza kupima umbali wa jukwaa kutoka nchi kavu, upana wa bahari ya nchi ulivyohesabiwa miaka ile, na kama jukwaa lililosimama juu ya sakafu ya bahari ni sehemu ya ardhi ya nchi. Hapo kazi yangu ya bandarini ilinisaidia kuliko kitabu chochote. Mwanafunzi mmoja Mjerumani aliandika kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kusikia kuwa roketi ziliwahi kurushwa Afrika Mashariki. Mada za kozi hazikuwa na Malindi hata mstari mmoja, na hilo ndilo lalamiko langu kubwa. Kituo kilichorusha setelaiti hadi 1988, kikiwa karibu kabisa na ikweta, hakistahili kusubiri mwanafunzi wa Tanga akikumbushe.

Somo hilo lina jambo zito kwetu leo. Setelaiti ya Kenya ya Taifa-1 ilirushwa Aprili 2023 kutoka California kwa roketi ya SpaceX. Kenya haikutoa kiwanja wala roketi, lakini ndiyo iliyoagiza, hivyo nayo inahesabika nchi inayorusha. Uganda nayo ilipeleka PearlAfricaSat-1 mwaka 2022. Tanzania imeshatangaza nia ya kuwa na setelaiti yake. Siku itakapopaa, dhima itapaa nayo, na haitakwisha kwa sababu roketi ilikuwa ya mtu mwingine. Wanaoandaa mikataba ya kuagiza chombo kama hicho wanatakiwa walijue hili kabla ya kusaini: bima ni ya nani, nani anamfidia nani, chombo kinasajiliwa wapi.

Wiki ileile ya somo la dhima nilishuka Deep Sea, soko la samaki hapa Tanga, kununua samaki, nikamkuta mzee mmoja nahodha ninayemfahamu. Baada ya shikamoo na habari za kusi, akaniuliza nasoma nini siku hizi. Nikamsimulia lile duara la chuma lililoanguka kijiji cha Mukuku, Makueni, tarehe 30 Desemba 2024: upana wake kama mita mbili na nusu, uzito kama kilo 500, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likasema uchunguzi wa awali unaonyesha ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Mzee akaacha kukunja wavu.

“Sasa mwanangu, likiangukia mashua yangu huko nje, nani ananilipa?”

Nikamwambia kwamba kwa mkataba wa 1972, kitu kutoka anga za juu kikileta madhara juu ya uso wa dunia, baharini kukiwemo, nchi iliyokirusha inalipa bila kuthibitishiwa kosa. Haisaidiwi na kusema ilikuwa bahati mbaya. Lakini lazima ijulikane kitu ni cha nani, na anayedai ni serikali yako kwa serikali yao, kwa njia ya kibalozi, ndani ya mwaka mmoja. Wewe mwenyewe hupiti njia hiyo, ingawa mkataba haukuzuii kwenda mahakama ya nchi husika.

“Kwa hiyo serikali ikilala, mimi nimepotea,” akasema.

Nimesoma kurasa nyingi za wasomi juu ya udhaifu wa mkataba ule, na sijaona aliyeusema kwa ufupi na usahihi kama mzee yule. Tuna mfano wa Kosmos 954, setelaiti ya Kisovieti yenye mtambo wa nyuklia iliyosambaratika juu ya kaskazini ya Kanada Januari 1978. Kanada ilidai dola zake zaidi kidogo ya milioni 6. Mwaka 1981 Wasovieti wakakubali kulipa milioni 3. Kanada ilikuwa na wapimaji, ndege na wanasheria. Kijiji cha wavuvi kina nini, kama hakuna ofisi ya serikali yenye mtu anayejua saa ya mwaka mmoja imeshaanza kuhesabiwa?

Sehemu ya masafa ya redio na nafasi za obiti ni ngumu, inachosha, na ni lazima. Setelaiti iliyoko kilomita 35,786 juu ya ikweta inaonekana kama imesimama mahali pamoja, na nafasi za huko ni chache. Mwaka 1976 nchi za ikweta, zikiwemo Kenya, Uganda na Zaire ya wakati ule, zilitoa Azimio la Bogotá zikidai sehemu ya obiti hiyo iliyo juu yao ni mali yao. Kisheria hoja iligonga ukuta wa Mkataba wa 1967. Mhadhiri aliipita kama kichekesho cha historia, na hapo sikukubaliana naye hata kidogo. Nchi zile ziliona mapema kwamba utaratibu wa anayewahi kuomba ndiye anayepata utawaacha wageni wa baadaye mikono mitupu. Msukumo huo wa nchi changa ndio uliofanya Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, mwaka 1988 liweke mpango wa kutengea kila nchi mwanachama nafasi yake kwa aina fulani ya huduma. Nilisema hivyo kwenye ubao wa majadiliano, na mwanafunzi wa Colombia akaniunga mkono kwa maelezo marefu na mazuri kuliko mhadhara wenyewe.

Kuhusu picha za setelaiti, somo lilikuwa fupi. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1986 zinasema nchi inayopigwa picha inapaswa kuzipata bila ubaguzi na kwa gharama ya kuridhisha. Hazizifungi nchi kama mkataba, lakini zinasaidia kwenye meza ya mazungumzo, na siku hizi picha za Landsat na Sentinel zinapatikana bure. Wenye kesi za mikoko iliyokatwa Pangani wanaweza kuzitafutia ushahidi humo, na ningependa siku nzima ya kozi ingetumika kwa hilo kuliko uchimbaji madini mwezini, uliotafuna siku mbili.

Zoezi la kesi ya kubuni ndilo kilele. Mnagawanywa makundi, mnapewa setelaiti mbili zilizogongana, kama ilivyotokea kweli Februari 2009 kwa Iridium 33 na Kosmos 2251, mnaandika hoja na kusimama mbele ya majaji. Huko juu lazima uthibitishe kosa, tofauti na hapa chini, na kosa la nani litathibitishwa vipi kwenye giza lile? Andaa usiku wa kutosha wa kuandika. Ukipenda kazi hiyo, kuna shindano la Manfred Lachs la wanafunzi wa sheria, ambalo Afrika ina raundi yake na fainali husikilizwa na majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki.

Yaliyoniudhi, nayasema wazi. Washiriki wa mtandaoni tulikuwa tunasahaulika: mara kipaza sauti kimezimwa, mara swali letu limerukwa kwa sababu waliomo ukumbini wamenyoosha mikono. Umeme ulipokatika kwetu nilihamia kwenye simu na bando, na bando la video linakwisha upesi. Mihadhara mingine haikurekodiwa, na niliyoikosa imenipita. Niliwaandikia, wakajibu kwa adabu, hawakubadilisha kitu. Tena Umoja wa Afrika ulipitisha sera na mkakati wake wa anga za juu tangu 2016, na Shirika la Anga za Juu la Afrika liko Cairo, lakini yote hayo yalipata slaidi moja.

Kwa hiyo nani aende? Wakili wa bandari, bima au mawasiliano, asisite. Ofisa wa serikali anayeshughulika na mikataba au masafa, mwajiri wake amlipie. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asubiri kwanza amalize sheria ya kimataifa, la sivyo atapotea wiki ya kwanza. Kabla ya kulipa, waulize mambo mawili kwa maandishi: je, mihadhara yote inarekodiwa, na je, washiriki wa mtandaoni wanaingizwa kwenye zoezi la kesi wakiwa na haki sawa ya kusimama na kuzungumza. La pili likijibiwa hapana, tafuta kozi nyingine, hata kama hii ni ya bei nafuu. Wakati unasubiri, soma mikataba mitano kwenye tovuti ya ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Vienna. Ni bure, na ule wa 1972 uanze nao.