Miezi 14 na Hereford: Football Manager 2024 kwa kocha asiye na hela

Nilianza kwa sababu ya ng'ombe. Baba anafuga kule Kibosho, ng'ombe wawili wa kukatiwa majani zizini, na siku moja alirudi kutoka kwenye mafunzo ya wafugaji na karatasi yenye picha za ng'ombe wa kigeni. Mmoja mwekundu, uso mweupe, kifua kama kabati. Chini wameandika Hereford. Basi nilipofungua Football Manager 2024 na kushuka kwenye orodha ya ligi za Uingereza mpaka daraja la sita, huko ambako gemu ndiko inakoishia, nikakuta timu inaitwa Hereford na nembo yake ni fahali. Sikutafuta nyingine.

Gemu yenyewe nilipata bure. Septemba 2024 duka la mtandaoni la Epic liliigawa kwa wiki moja, nikaishusha kwa bando la usiku, usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kompyuta yangu ni ya mtumba, iliyotoka ofisini kwa watu, RAM 8, feni inalia kama mashine ya kusaga. Nasema mapema ili mwenye mashine ya aina hiyo asikate tamaa: chagua ligi za Uingereza peke yake, punguza idadi ya wachezaji wanaopakiwa, na mechi iangalie kwa 2D, yaani vidoti vinavyokimbia uwanjani. Desemba tulipopanda nyumbani, mtoto wa kaka aliyetoka Dar alisimama nyuma yangu dakika tano nzima akiangalia vidoti. “Baba mdogo, wachezaji wako wako wapi?” Nikamwonyesha namba tisa. Akaenda kucheza nje.

Kwa asiyeijua: humu hupigi mpira kwa kidole. Wewe ni kocha. Unasajili, unapanga mazoezi, unaongea na wachezaji, unabembeleza bodi, kisha unakaa benchi unaumia. Kila mchezaji ana sifa kadhaa zilizopewa alama 1 hadi 20, na nyingi hazionekani mpaka skauti wako amwangalie. Daraja la sita skauti ni mmoja, na safari zake zina bajeti ya nauli ya daladala.

Utamu wenyewe uko hapo. Ukiwa na Manchester City unanunua. Ukiwa na Hereford unaokota. Wachezaji wengi wa chini ni wa muda, wanafanya mazoezi siku mbili kwa wiki na siku nyingine wako kazini kwao. Huna hela ya uhamisho hata senti. Nilichojifunza ni kuita watu kwa majaribio: mchezaji asiye na timu anakuja kambini wiki kadhaa, sifa zake zinafunguka zenyewe, wala humlipi skauti. Mwezi wa kwanza niliita wachezaji 15. Nikabaki na wanne.

Mmoja wao nilimpa jina la Babu. Straika wa miaka 34, kasi 7, yaani ukimtuma dukani unapika bila chumvi. Lakini kichwa 15, kuruka 14, uongozi 17. Nikajenga timu nzima juu ya paji lake la uso. 4-4-2, mipira mirefu, mawinga wa kupiga krosi, na kona. Hasa kona. Toleo hili la 2024 lilifumua upya sehemu ya mipira iliyokufa, unapanga nani akimbilie nguzo ya karibu, nani amzuie kipa, nani abaki nyuma. Mashabiki wa soka la pasi fupi watanicheka. Makipa wa daraja la sita mikono yao ina sabuni, na mimi nina Babu. Mlitaka nifanye nini?

Msimu wa kwanza tulimaliza wa tatu. Daraja hilo bingwa peke yake ndiye anayepanda moja kwa moja, wa pili mpaka wa saba wanaenda kwenye mchujo kugombea nafasi moja iliyobaki. Tukafika fainali. Dakika ya 88, kona, nguzo ya karibu, Babu: 2-1. Filimbi ya mwisho. Nikasimama, nikatoka nje uani nipumue, saa sita usiku, mtaa wetu wa Majengo hapa Moshi wote kimya. Niliporudi ndani umeme ulikuwa umekatika.

Betri ya mtumba haikai hata dakika moja. Na mimi, kwa ubahili wa kutotaka kompyuta isimame isimame, nilikuwa nimeweka gemu ijihifadhi yenyewe mara moja kwa mwezi. Kesho yake nikaanzia kabla ya nusu fainali. Nusu fainali nikashinda tena. Fainali, 1-1, matuta. Babu akapaisha.

Naapa sikuirudia. Ningeweza, faili lipo, wengi hufanya. Lakini ukianza kurudia mechi ulizofungwa, hakuna tena unachoshinda. Wiki nzima sikugusa gemu, na mke wangu akaniuliza kama kuna mtu kafiwa.

Msimu wa pili tukachukua ubingwa. Wa tatu, daraja la tano, tulimaliza katikati ya msimamo, na hapo ndipo lilipokuja kombe ambalo mpaka leo nikilikumbuka natabasamu peke yangu dukani. FA Trophy ni kombe la timu za daraja la tano hadi la nane, wakubwa hawamo, fainali Wembley. Nilipoanza kuisoma Hereford halisi ndipo nikaelewa uzito wake. Klabu ya zamani, Hereford United, ndiyo ile iliyoitoa Newcastle kwenye Kombe la FA mwaka 1972, Ronnie Radford akipiga shuti la mbali kwenye tope ambalo Uwanja wa Ushirika wakati wa masika ungeona ni kapeti. Klabu hiyo ikafilisiwa Desemba 2014. Mashabiki wakaanzisha mpya. Hiyo mpya ikafika Wembley 2016 kwenye FA Vase, kombe la madaraja ya chini zaidi, ikapigwa 4-1 na Morpeth Town. Ikarudi Wembley 2021 kwenye fainali ya FA Trophy yenyewe, ikafungwa 3-1 na Hornchurch. Kwa hiyo Babu, sasa ana miaka 36, akitokea benchi, alipofunga bao pekee la fainali yangu, mimi sikuwa nashangilia vidoti. Sisi tulioona Polisi Tanzania ikishuka daraja 2023 hapa hapa mjini tunajua timu ya mji mdogo inabeba nini.

Baada ya hapo nilipanda haraka kuliko nilivyotegemea. Ligi ya nne, ya tatu, miaka minne nikakwama Championship, yaani daraja la pili, kisha Ligi Kuu. Nitafupisha kwa sababu na gemu yenyewe inafupika. Hela za haki za matangazo zikiingia, unaacha kuokota na unaanza kununua, skauti wanakuwa 20, majaribio hakuna tena. Kazi inageuka kuwa kutuliza watu. Mchezaji anataka kwenda timu kubwa, ukimkatalia ananuna, akinuna nusu ya chumba cha kubadilishia nguo inanuna naye. Waandishi wa habari wanakuuliza maswali yaleyale ya msimu wa kwanza, kwa maneno yaleyale, nikaishia kumwachia msaidizi. Msimu wa 14 nikabeba Kombe la FA. Nilifurahi, ndiyo. Nikafunga kompyuta nikalala saa nne.

Lingine lililoniuma: nilitaka kumleta kijana wa Kitanzania. Kibali cha kazi kikakataliwa, na gemu imeiga sheria halisi. Tangu 2021 Uingereza inahesabu pointi, na mechi za timu ya taifa hazikupitishi moja kwa moja kama nchi yako haimo katika 50 bora za FIFA. Mbwana Samatta aliingia Aston Villa Januari 2020, kabla mlango huo haujabadilishwa kufuli. Ligi yetu nayo haichezeki humo, labda upate faili la nyongeza lililotengenezwa na wachezaji wenyewe. Ningelipa hela yangu kabisa kuanza na timu ya mkoa wa Kilimanjaro, safari ya basi mpaka Bukoba, bodi inadaiwa posho.

Toleo la 2025 lilifutwa Februari 2025, ndiyo maana wengi tumekaa na hili muda mrefu. La 2026 lilitoka Novemba 2025 likiwa limejengwa upya, na kompyuta yangu nimeihurumia, sijalijaribu.

Kwa hili la 2024 natoa nane kwa kumi ukiwa maskini, tano ukiwa tajiri. Kiswahili hakuna, utacheza kwa Kiingereza, jiandae. Weka hifadhi ya kila wiki, hata kama inachelewesha. Na kama mtaa wenu ni kama wetu, mechi ya mchujo ichezwe asubuhi ya Jumapili.

Mimi Hereford nimejiuzulu. Babu alistaafu zamani, nikampa kazi ya kufundisha vijana, na siku naondoka bado alikuwepo kwenye orodha ya wafanyakazi, uongozi 17. Nimeomba kazi daraja la sita tena. Klabu mbili zimeshanikataa, zinasema mshahara wangu hawauwezi.