Waya ya eriali kwa trela: chungulia wavu kabla hujatoa pesa

Pasaka tulikuwa tumeegesha trela yetu ya kulala safarini kando ya Ziwa Elementaita, watoto wamejipanga kutazama mpira, picha ikaanza kukatika vipande vipande. Baba Wanjiru akatoka kugeuza eriali. Akailekeza Nakuru, akailekeza Naivasha, wapi! Mimi nikazima inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, ili betri isiishe, maana runinga yetu inatumia volti 12 moja kwa moja. Picha ikatulia. Nikaiwasha tena, ikakatika. Nilirudia mara tatu na jibu likawa lile lile.

Waya ile ilikuwa na miezi minne tu tangu niinunue hapa Nakuru mjini. Tuliporudi nyumbani nilikata kipande, nikachuna ganda kwa wembe. Ndani palikuwa na karatasi ya fedha nyepesi kama ya peremende, na juu yake nyuzi za alumini zilizotawanyika hovyo. Nilizihesabu: 32. Karatasi yote ilikuwa inaonekana katikati yake, na nilipozigusa zikakatika vidoleni. Lakini ganda kwa nje limeandikwa RG6, jina la aina ya waya ya eriali inayouzwa sana, kwa herufi safi kabisa.

Nyuzi hizo zinazozunguka karatasi ndizo wavu ninaotaka uuangalie. Watu dukani huuliza bei, rangi na urefu. Mjuaji kidogo huuliza kama ni shaba. Wavu hauulizwi, na ndio unaozuia kelele za umeme zisiingie kwenye mawimbi ya runinga. Nyumbani utasamehewa, kwa sababu waya inapita ukutani peke yake. Kwenye trela imebanwa pamoja na nyaya za sola, za inveta na za taa za LED ndani ya njia moja nyembamba, na vyote hivyo vinatoa kelele. Wavu ukiwa na matundu, kelele inaingia, king'amuzi kinashindwa kusoma, na wewe unalaumu eriali.

Chaguo langu la kwanza ni WF100 ya Webro, ya Uingereza, na sioni haya kuisifu. Uzi wa kati ni shaba tupu ya milimita 1, karatasi ni ya shaba na wavu ni wa shaba. Unene wake ni milimita 6.65, kwa hiyo inapinda vizuri kwenye kona za kabati. Shemeji yangu aliniletea akija likizo. Tangu tuiweke, inveta inanguruma na picha haitikisiki. Jambo moja tu: nunua konekta za kipimo chake. Konekta ya RG6 ya kawaida huwa pana kidogo, na kwenye barabara ya kwenda Bogoria itachomoka. Chukua zile za kubanwa kwa koleo lake maalum. Zile za kuzungusha kwa mkono zinalegea kwa mtikisiko, na maji yakiingia hapo yanasafiri ndani ya wavu hadi kwenye runinga.

Ya pili ni Belden 1694A. Wavu wake unafunika asilimia 95, uzi wa kati ni shaba tupu, na kwa ubora siwezi kuibishia. Tatizo ni unene, karibu milimita 7, na ugumu. Kuipitisha kwenye tundu la zamani la dari ilitutoa jasho kwenye trela ya jirani. Ukiichagua, funga waya mpya kwenye mkia wa ile kuukuu kwa tepu, mmoja avute kutoka juu na mwingine asukume kutoka chini taratibu.

Ya tatu ni RG6 yoyote ya dukani ambayo muuzaji amekubali uichune mbele yake, ukakuta wavu umesongamana. RG59 nyeupe ya bei ya chini, ile aina nyembamba zaidi, iache.

Kama trela yako ni ya Marekani kama yetu, yenye eriali ya Winegard, kumbuka kwamba ile swichi ya ukutani hupeleka volti 12 juu kwenye busta, yaani kikuza mawimbi kilicho ndani ya eriali, kupitia waya hiyo hiyo. Izime kabla ya kukata chochote. Ukifunga konekta, hakikisha hakuna hata unywele mmoja wa wavu unaogusa uzi wa kati, la sivyo unapiga shoti. Na usiweke kigawanyi, kile kidude cha kugawa waya moja kwa runinga mbili, kati ya swichi na eriali kama hakipitishi umeme. Busta italala na utadhani waya ni mbovu.

Sasa wauzaji. Kijana wa dukani aliniambia, "Mama, ukikata umenunua." Nilitaka kuchuna sentimita mbili tu! Nguo tunaigeuza ndani nje kabla ya kulipa, parachichi tunalibonyeza, lakini waya tununue kwa kusoma ganda? Tena wanapima kwa misumari miwili iliyopigwa kwenye meza, wanayoita mita. Nilipoipima ile waya nyumbani, mita kumi nilizolipia zilikuwa tisa na robo. Nilirudi na tepu ya fundi nikaikunjua juu ya ile meza, kati ya msumari na msumari, wateja wengine wakiwa wamesimama hapo. Alinikatia kipande kilichopungua bila kusema neno, na mzee aliyekuwa nyuma yangu akaomba apimiwe ya kwake kwa tepu yangu.