Magofu ya Gede: mkienda msikimbilie jumba la mfalme, zipeni zile nyumba wakati

Nimeenda Gede mara mbili ndani ya miezi mitatu na wallahi ni kama nimeenda sehemu mbili tofauti kabisa. Mara ya kwanza nililipia safari ya siku moja na kampuni moja ya kutembeza watu, jina sitataja, gari zuri, dereva mpole, lakini tulivyoshuka tu tukaambiwa jamani tuna nusu saa alafu twende baharini, basi tukakimbizwa msikitini, tukakimbizwa jumba la mfalme, picha picha, tukaangalia kima wakirukaruka, tukarudi garini. Nimefika nyumbani mamangu ananiuliza haya, umeona nini? Nikakosa jibu. Nimeona kuta. Na mimi nimezaliwa Mji wa Kale Mombasa, nimelelewa kwenye nyumba ya mawe ya bibi, kwa hivyo hiyo "nimeona kuta" iliniuma sana.

Mara ya pili nikaenda na mama mwenyewe, kwa matatu, tukashuka steji ya Gede hapo barabara ya Mombasa Malindi, tukachukua tuktuk mpaka getini, si mbali. Review hii ni ya hiyo mara ya pili. Gede naipa nyota tano, ile safari ya haraka naipa mbili na hizo mbili ni za dereva.

Kwa wasiojua, Gede ni mji wa mawe wa Waswahili wa zamani, uko kama kilomita 16 kusini ya Malindi, ndani ya msitu, si ufukweni, na hilo lenyewe linashangaza watu maana miji yetu mingi imekaa ikiangalia maji. Watu waliuhama karne ya 17 na msitu ukaufunika. Mchimbaji mkubwa wa mambo ya kale pale alikua James Kirkman, alianza 1948 na akaendelea mpaka 1958, na yeye ndo alizipa nyumba majina ambayo mpaka leo yanatumika. Hapa ndipo nilipokua nimepitwa kabisa mara ya kwanza, sikujua hata kama nyumba zina majina.

Sasa sikilizeni. Alipochimba hakukuta jina la mwenye nyumba limeandikwa mlangoni, kwa hivyo kila nyumba akaiita kwa kitu alichokikuta ndani au kwa vile ilivyo. Kuna Nyumba ya Mkasi. Kuna Nyumba ya Kete, ndio, kete zile za baharini. Kuna Nyumba ya Bakuli la Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe, Nyumba ya Ushanga wa Venice, na ile ya Sarafu za Kichina. Nyingine ni za umbo lake tu, kama ile ya ua uliozama na ile ya ua mrefu. Yaani hatujui mwenyewe alikua nani binti nani, lakini tunajua kwake kulikua na mkasi. Mimi hapo kwenye Nyumba ya Mkasi nilisimama muda mrefu kweli, nikawa nafikiria mtu aliyekua anakata kitambaa chake pale, labda nguo ya sikukuu, alafu siku moja mkasi ukabaki na yeye akaenda.

Mtembeza wageni wetu alikua mzee wa hapo hapo. Nikamwamkia shikamoo mzee, akajibu marahaba mwanangu, nikamwambia sisi hatuna haraka, jumba la mfalme tutalipitia, tunataka nyumba za watu. Akacheka akasema wengi hawaombi hivo, akamshika mama mkono kwenye mizizi na safari ikaanza. Nawaambia ukweli, mchukueni mtu wa kuwatembeza. Bila yeye ni mawe, kwa sababu ukuta uliofika kiunoni haukwambii hapa palikua chumba cha kulala na hapa ni choo, inabidi mtu akusomee.

Na akishakusomea mara moja basi, unaanza kujisomea. Unaingia kutoka kichochoroni, unakuta ua, na ule ua uko chini kidogo kuliko vyumba, umezungukwa na mahali pa kukaa. Hapo ndipo mgeni anapokelewa, haendi zaidi. Kutoka uani unapanda kuingia ukumbi, mrefu lakini mwembamba, alafu nyuma yake ndo vyumba vya ndani vya wenyewe, na kule nyuma kabisa kuna stoo. Hiyo stoo mama aliizunguka akitafuta mlango hakuna. Mzee akamwacha atafute kidogo ndo akamwambia mama, mlango uko juu, kulikua na tundu karibu na dari, unaweka ngazi, unapanda, unateremka ndani, ukimaliza ngazi unaondoa. Mali ya nyumba ilikua inawekwa humo. Mama akasema kumbe wezi hawakuanza leo.

Lakini kilichomgusa mama zaidi ni upana wa vyumba. Akasimama katikati ya ukumbi akanyoosha mikono akasema, hii si kama nyumba ya bibi yako? Na ni kweli! Vyumba ni kama mita mbili na nusu hivi upana, unaweza kwenda urefu unavyotaka lakini upana hapana, na sababu si umaskini wala si kupenda kubanana. Dari ilikua inabebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina urefu wake, ukitanua chumba dari linakushukia. Kwa hivyo mti ndo ulikua unaamua chumba kiwe na upana gani, Gede, Lamu, Mombasa, pwani yote. Miaka yote nimelala kwenye chumba kile chembamba cha bibi nikilalamika kabati haliingii na sikuwahi kujua kwanini. Nilikuja kuambiwa hapo, kwenye nyumba ambayo haina hata dari.

Ujenzi wenyewe ni mawe ya matumbawe na chokaa ya kuchoma, kuta zikapakwa lipu safi. Zidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuweka taa, utaziona, na kuna matundu ukutani ya vigingi vya kutundikia mazulia au vitambaa, kwa hivyo msidhani watu walikaa kwenye kuta tupu zile tunazoziona sisi, ilikua ni nyumba imevishwa. Vyoo ndo usiseme. Choo ndani ya nyumba, shimo limejengewa vizuri, na pembeni mahali maalum pa maji ya kujisafishia. Kwenye karne ya 15 hiyo! Visima navyo viko kila upande, vingine virefu mno, nilitupa jicho tu nikarudi nyuma.

Sasa mimi nina swali langu la siku zote, wanajuaje ni karne ya ngapi? Nikamuuliza mzee na majibu yake yalikua mazuri kuliko vitu vingi nilivyosoma. Anasema ni vigae, yaani vile vipande vya vyombo vilivyovunjika. Vyombo vinavunjika kila siku, na bakuli la Kichina au la Kiajemi mtindo wake unajulikana ni wa kipindi gani, kwa hivyo wachimbaji wakishuka tabaka kwa tabaka wanaangalia kigae gani kimetoka wapi. Kikitoka chini ya sakafu ambayo haijavunjwa, basi sakafu ilimwagwa baada ya hicho chombo kutengenezwa, haiwezi kua kabla. Kilicho juu ya sakafu kimekuja baadae. Ndo maana ukiokota kigae ukakitia mfukoni kama ukumbusho umeondoa ushahidi, kigae mikononi mwako hakina maana tena kwa sababu maana yake ilikua pale kilipolala. Tafadhali sana hili nawaomba, nimewaona watu wakiinama.

Zile sarafu za Kichina pia ni somo. Zilikua mbili, moja ya mfalme aliyetawala 1195 mpaka 1224, nyingine ya 1225 mpaka 1264. Mtu anaweza kusema basi nyumba ni ya karne ya 13. Hapana, sarafu inazunguka, inakaa kwenye sanduku, inarithiwa, inaweza kua na miaka mia na zaidi siku inayoanguka. Inakwambia tu sarafu haikuanguka pale kabla ya miaka hiyo, basi, mengine unaulizia vigae. Tarehe iliyo wazi kabisa pale iko kwenye kaburi, limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, ambao ni 1399. Hapo usipite haraka, ni kitu kizito kusimama mbele ya tarehe.

Kuna jambo moja nataka niliseme kwa sababu naona watu bado wanaandika kwenye intaneti kwamba Gede ni mji wa Waarabu waliokuja wakajenga alafu wakaondoka. Kirkman na wenzake wa enzi ile waliona hivo, ndo fikra za wakati wao, kila cha mawe lazima kimeletwa. Uchimbaji uliokuja baadae pwani umebadilisha hiyo hadithi. Mji wa Shanga, kule kisiwa cha Pate, Mark Horton alichimba miaka ya 80 akakuta chini ya msikiti wa mawe kuna misikiti mingine, na ya mwanzo kabisa ni ya miti. Na Gede yenyewe kuanzia 1999 Stéphane Pradines alichimba upande wa kaskazini akakuta mji ni wa zamani zaidi ya ilivyodhaniwa, unarudi karne ya 11 au 12. Yaani watu walikuwepo, walianza na udongo na miti, wakawa Waislamu, wakafanya biashara, wakatajirika, wakajenga mawe. Ni sisi. Mama alivyonyoosha mikono kwenye ule ukumbi hakua anaangalia nyumba ya wageni. Na pia nje ya zile nyumba kubwa zilizo ndani ya ukuta wa mji, walikua wanaishi watu wengi kwenye nyumba za udongo, hizo hazikusimama mpaka leo ndo maana tunawasahau, lakini nao ni watu wa Gede.

Msikiti mkuu na jumba la mfalme ni vizuri sana, sisemi msiende, mlango mmoja wa msikiti una mkuki umechorwa kwenye jiwe, muulizeni mtembezaji awaonyeshe maana peke yako unaupita. Kisima cha hapo msikitini nacho kina habari yake, kilichimbwa kikaongezwa kina kwa sababu maji yalikua yanashuka, na hiyo ni moja ya sababu zinazotajwa za watu kuhama, pamoja na vita na mashambulizi ya kutoka kaskazini na kusini. Mzee wetu anaamini ni maji. Mimi pia baada ya kuchungulia kile kisima naegemea hapo.

Makumbusho madogo ya pale yana vyombo na shanga zilizotoka ardhini, pitieni baada ya nyumba na si kabla, utaangalia bakuli ukijua lilikua limekaa chumba gani. Kuna mti una jukwaa la kupanda uone mji kutoka juu, mama alikataa mimi nikapanda, msitu wote chini yako na kuta zinatokeza. Vipepeo vya mradi wa Kipepeo viko hapo hapo pia, watoto watapenda.

Mambo ya kuzingatia: nendeni asubuhi, mchana msitu unakua na joto la unyevu na mbu hawachoki. Viatu vya kufunga, mizizi inashika vidole. Chakula msikitoe nje, kima wanajua mfuko wenye ndizi kabla hujaufungua. Mkenya beba kitambulisho, bei ya mwananchi ni tofauti na ya mgeni. Tenga masaa matatu, si nusu saa. Na tangu Julai 2024 Gede iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO kwa hivyo wageni watazidi na magari ya haraka haraka yatazidi, ukipewa ratiba uliza kabisa, tunakaa pale muda gani na nyumba ngapi tunaingia. Wakikujibu msikiti na jumba tu, panda matatu.

Sisi tulimaliza nyumba saba tukachoka. Mama alikaa kwenye kizingiti cha ile ya mwisho akavua viatu, akampigia simu mama mdogo palepale, akamwambia jiandae mwezi ujao nikuonyeshe stoo isiyo na mlango. Tiketi za hiyo nalipa mimi na nimeshamwambia mzee atusubiri, tutaanzia Nyumba ya Kete, hiyo hatukuwahi.