Simu ya Elfu Kumi na Tano: Nilichozima, Nilichoacha na Kilichokataa Kuzimika

Simu yenyewe ni ya kawaida: Android 14, RAM ya GB 4, hifadhi ya GB 128, laini mbili, kama shilingi 15,000 ukipatana vizuri na muuzaji wa Digo Road, Mombasa. Jina la mtengenezaji naliacha, maana simu nyingi za bei hii huja na mzigo unaofanana wa programu za kiwandani, na ukijua kuuondoa mmoja umejua yote. Betri yafika jioni, kamera ya mchana yaridhisha, ya usiku usiitegemee. Yatosha kuhusu hayo. Kilichonishughulisha ni lile swali la barazani kila mtu anunuapo simu mpya: hii yatupeleleza au haitupelelezi?

Jibu langu baada ya kuipekua menyu kwa menyu: yakusanya, ndiyo, lakini anayeshukiwa sana siye anayechukua zaidi. Watu wana hofu na Google, ilhali programu ya hali ya hewa iliyokuja na simu ndiyo inayoomba kujua ulipo usiku na mchana.

Ushahidi uko ndani ya simu yenyewe. Ingia Mipangilio, Faragha, kisha Dashibodi ya faragha. Hapo waona ni programu gani iligusa mahali ulipo, kamera na maikrofoni, na saa ngapi. Kwa kawaida huonyesha saa 24 tu, lakini tangu Android 13 kuna chaguo la siku 7, limejificha kwenye vidoti vitatu vya juu kulia. Itumie simu wiki nzima kama kawaida, kisha fungua. Kwenye hii, waliojitokeza ni hali ya hewa, msafisha simu na lile gazeti la picha linalojibandika kwenye skrini ikiwa imefungwa. Hakuna hata mmoja wao niliyemwita.

Dawa ya kwanza haihitaji kompyuta. Kwenye Kidhibiti cha ruhusa, gusa Mahali, na kila iliyo chini ya "Inaruhusiwa wakati wote" ishushe iwe "wakati programu inatumika" au uikatae kabisa. Hali ya hewa ukiiachia, zima swichi ya mahali halisi. Kuanzia Android 12 programu yaweza kupewa makadirio ya eneo la kama kilomita 3 za mraba, na mvua ya Tudor haihitaji kujua uko nyumba gani. Kisha ingia kwenye Matangazo na ufute kitambulisho cha matangazo, ile nambari ambayo watangazaji huitumia kuitambua simu yako. Usibonyeze kile cha kukibadilisha, futa kabisa. Programu ikikiuliza itarudishiwa sifuri tupu. Wenye iPhone huulizwa kuhusu ufuatiliaji tangu iOS 14.5 ya Aprili 2021. Sisi wa Android twaachiwa tukatafute wenyewe.

Dawa ya pili yataka kompyuta, kwa kuwa zile programu za kiwandani zaweza kukataa hata kuzimwa. Nenda Kuhusu simu, gusa Nambari ya muundo mara 7, chaguo za wasanidi zitafunguka, washa utatuzi wa USB. Kwenye kompyuta weka kifurushi cha Platform Tools kutoka tovuti ya Android, chomeka simu, fungua dirisha la amri, andika adb devices (amri ya kuorodhesha simu zilizochomekwa), kisha ukubali ombi litakalotokea kwenye skrini ya simu. Wengi hukwama hapa na kosa ni la waya. Nyaya za bei rahisi za barabarani mara nyingi zina nyuzi za umeme bila za data, simu yachaji vizuri lakini orodha yarudi tupu, nawe wadhani kompyuta ndiyo mbovu. Badilisha waya kabla ya kubadilisha chochote kingine.

Ikionekana, orodhesha kwa adb shell pm list packages, kisha uondoe moja moja kwa adb shell pm uninstall --user 0 ikifuatwa na jina la kifurushi. Amri hii haiifuti programu kwenye mfumo. Yaiondoa kwako wewe mtumiaji tu. Kwa hiyo nafasi ya hifadhi hairudi kama unavyotarajia, na ukirejesha simu katika hali ya kiwandani vyote vitafufuka. Uzuri wake ni kwamba kosa lina marekebisho: adb shell cmd package install-existing na jina lilelile, kitu charudi mahali pake. Usiguse com.google.android.gms, yaani Huduma za Google Play. Ukiiondoa, arifa za programu nyingi hazitafika, na programu za benki zitakugomea. Na usiondoe skrini ya mwanzo ya mtengenezaji kabla hujaweka nyingine, la sivyo simu itawaka na kukuonyesha weusi. Ondoa moja, zima na uwashe, tumia siku mbili, ndipo uende kwa inayofuata. Ukimaliza, zima utatuzi wa USB. Kuna programu za benki zinazokataa kufunguka ukiwa umewashwa, tena si jambo la kuliacha wazi kwa mtu anayechaji simu popote penye soketi.

Sasa Google. Hofu juu yake haikuzuka hewani. Mwezi Agosti 2018 shirika la habari la Associated Press lilionyesha kwamba hata ukizima historia ya mahali, huduma za Google ziliendelea kuweka alama za ulipokuwa kupitia swichi nyingine kabisa, Shughuli za Wavuti na Programu. Novemba 2022 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 391.5 kumaliza madai ya majimbo 40 ya Marekani kuhusu jambo hilo. Funzo la kiufundi ni kwamba swichi ni mbili, na kuzima moja ni kufunga mlango wa mbele na kuacha wa uani. Ingia Akaunti ya Google, Data na faragha, uzikague zote mbili. Ya historia ya maeneo, tangu mageuzi yaliyotangazwa Desemba 2023, huhifadhiwa ndani ya simu badala ya kwenye seva, jambo jema, ila ukipoteza simu bila kuweka nakala historia yote imekwenda. Mimi nimeizima. Ya shughuli nimeiachia na kuweka ufutaji wa kiotomatiki wa miezi 3. Chaguo nyingine ni miezi 18 au 36. Ukiizima kabisa, mapendekezo ya utafutaji na ya ramani huwa butu, na kila mtu ana kiwango chake cha uvumilivu.

Kuzima kitufe cha Mahali pekee hakutoshi. Chini yake kuna swichi mbili ndogo, ya kutafuta Wi-Fi na ya kutafuta Bluetooth, ambazo huendelea kunusa hewa hata Wi-Fi yenyewe ikiwa imezimwa. Zina faida yake. Kwenye vichochoro vya Mji wa Kale, katikati ya kuta nene za mawe, GPS huyumba na kukuweka nyumba ya tatu; ishara za ruta za jirani ndizo zinazoisahihisha. Ukizima zote mbili, dereva wa tuktuk atakutafuta mtaa wa pili, na usimlaumu.

Na ruta yako pia imo katika hesabu hiyo. Kama hutaki iwe alama kwenye ramani za Google, ongeza _nomap mwishoni mwa jina la Wi-Fi yako, mfano Nyumbani_nomap. Google imeheshimu alama hiyo tangu 2011. Vifaa vyote vya nyumbani vitahitaji kuunganishwa upya, kwa hiyo ifanye siku ambayo hakuna anayesubiri mechi.

DNS ni huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya mtandao, na DNS ya faragha naipa alama za juu kuliko vyote. Mipangilio, Mtandao, DNS ya faragha, andika dns.adguard-dns.com, seva ya AdGuard ya kuzuia matangazo. Matangazo mengi na wafuatiliaji wengi hukatwa kabla hawajapakuliwa, na bando laliwa polepole. Kasoro ni kwenye Wi-Fi ya hoteli au mkahawa inayotaka uingie kwa ukurasa wake: ukurasa waweza kukataa kufunguka. Iweke "Kiotomatiki", ingia, kisha uirudishe. Seva hiyo ikilala, intaneti yote ya simu hulala nayo, basi kabla ya kumpigia mtoa huduma wako kwa hasira, kagua hapo.

Vitu viwili vya kiwandani vimesingiziwa zaidi ya stahili yake. Cha kwanza ni SafetyCore, ile programu isiyo na ikoni iliyoanza kuonekana kwenye simu za watu mwishoni mwa 2024 bila hodi. Kwa maelezo ya Google, kazi yake ni kusaidia programu ya Messages kutambua picha za utupu na kuzitia ukungu, na upimaji wote hufanyika ndani ya simu. Kosa lao ni kuingia kimya kimya. Mgeni asiyebisha hodi hulaumiwa hata akija na zawadi. Ukitaka, yaondoka: Programu, onyesha za mfumo, itafute, Ondoa. Yaweza kurudi baadaye.

Cha pili ni mtandao wa kutafuta vifaa, uliozinduliwa Aprili 2024 na sasa waitwa Find Hub. Simu za Android zilizo karibu husaidiana kutambua kifaa kilichopotea kwa Bluetooth, na taarifa ya mahali husimbwa kwa njia fiche. Chaguo linalokuja nalo ni la maeneo yenye watu wengi tu, maana yake simu kadhaa lazima zikione kifaa ndipo mahali pake paripotiwe. Kwenye feri ya Likoni saa kumi na moja jioni hilo halina shida. Kwenye uchochoro mtupu usiku halitakufaa. Nimeliachia. Nikipima hatari ya simu kuporwa na hatari ya mtandao huo, ya kuporwa ni kubwa zaidi. Pamoja nalo washa arifa za vifuatiliaji visivyojulikana, zilizoko tangu Julai 2023 kwenye Android 6 na kuendelea. Zinakuonya ikiwa AirTag, kile kifuatiliaji kidogo cha Apple, ya mtu mwingine yasafiri nawe. Pia kuna kitufe cha kutafuta kwa mkono, sekunde 10 tu.

Hatari ninayoiona kubwa kwa hapa petu ni ujumbe wa M-Pesa. Mtu hunyima programu ruhusa ya SMS akaridhika, kumbe ameipa ufikiaji wa arifa, na kila ujumbe unaotokea juu ya skrini wasomeka kupitia hapo: kiasi, jina, salio. Ingia Programu, Ufikiaji maalum, Ufikiaji wa arifa. Inapaswa kubaki saa ya mkononi kama unayo, na vya mfumo. Kagua pia Zana za ufikivu. Programu yenye ruhusa hiyo yaweza kusoma skrini na hata kubonyeza kwa niaba yako. Programu za mikopo zilizoko Play Store zilikatazwa kugusa anwani na picha kuanzia 31 Mei 2023, lakini faili la APK (la kusakinisha programu nje ya Play Store) ulilotumiwa WhatsApp halijui katazo hilo. Na aliyekwisha kunakili anwani zako na kuwapigia jamaa zako anaweza kushtakiwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019. Malalamiko yatakiwa kukamilishwa ndani ya siku 90, na faini yaweza kufika shilingi milioni 5. Hifadhi picha za skrini na nambari zilizopiga kabla hujafuta programu.

Kuhusu simu kusikiliza maongezi: nukta ya kijani hutokea juu ya skrini kila maikrofoni inapotumika tangu Android 12, na dashibodi huweka saa. Sikuona dalili. Tangazo la viatu ulivyovitaja barazani huenda lina njia fupi zaidi: mwenzako alivitafuta, nanyi mwatumia Wi-Fi moja.

Kisichozimika ni mnara. Laini ikiwa hewani, mtoa huduma ajua uko upande gani wa Nyali, swichi zote zikiwa zimezimwa. Hata simu ya kulipia kidogo kidogo huja na programu ya kuifunga ukichelewa, na kuirejesha katika hali ya kiwandani hakuiondoi. Muulize muuzaji itatolewa lini na nani, na akuandikie kwenye risiti.

Sasisho la mfumo lilipoingia, programu mbili za kiwandani zilirudi na ruhusa zake zote, SafetyCore ikiwa nyuma yao. Majina ya vifurushi nimeyaweka kwenye faili ya maandishi kwenye kompyuta, na kuyaondoa tena ni kazi ya dakika kumi, waya ukiwa mzima.