Siga kwa Anayeanza: Zipi Ununue Sasa, Zipi Zingoje Ulimi Wako

Wiki mbili baada ya kuvuta siga yangu ya kwanza (siga, ile nene ya majani ya tumbaku yaliyosokotwa, si sigara) nilinunua boksi zima la siga 25. Zilikuwa ndefu, laini, rangi ya asali, nami nikajiona nimeshakuwa mjuzi. Nilipofika ya tisa sikusikia kitu tena, ni hewa ya moto tu. Nikadhani zimeharibika. Kumbe hazikuwa na tatizo lolote. Ulimi wangu ndio uliokuwa umehama. Zilizobaki niliwagawia watu.

Ndiyo maana orodha hii sikuipanga kwa ukali wala kwa umaarufu wa jina. Nimeipanga kwa swali moja: siga unayoinunua leo ukiwa mgeni, utaitaka tena mwakani?

Jambo moja kwanza. Moshi wa siga haumezwi, lakini hilo haliuokoi mdomo wala koo. Saratani za huko zinaletwa na siga pia, na siga moja kubwa inaweza kubeba tumbaku inayokaribia pakiti nzima ya sigara. Kama huvuti tumbaku kabisa, hakuna siga humu inayostahili kukuanzisha. Mwongozo huu ni wa aliyekwisha kuamua.

Ulimi unavyohama

Mwezi wa kwanza mgeni husikia vitu viwili: moshi na uchungu. Mara nyingi kosa ni pupa. Anaivuta kama sigara, kila baada ya sekunde chache, tumbaku inachemka na kuwa chungu. Akipunguza hadi mara moja hivi kwa dakika, utamu unaanza kujitokeza. Kisha inakuja siku anapojaribu kuutoa moshi kidogo puani, bila kuushusha mapafuni, na hapo ndipo anapopata mwerezi, pilipili, kakao, ngozi. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni kazi ya pua.

Huku nyuma mwili nao unazoea nikotini, kwa hiyo anazidi kutafuta kali. Wengi ninaowajua walikaa kwenye ukali huo mwaka au miwili, kisha wakarudi katikati taratibu bila kumwambia mtu.

1. Ndogo yenye jani la Kamerun

Siga ina sehemu tatu: tumbaku ya ndani, jani la kuifunga, na jani la nje. Hilo la nje ndilo linalogusa midomo, na mchango wake katika ladha ni mkubwa kuliko wembamba wake. Jani la Kamerun ni jembamba, lina vipele vidogo unavyoweza kuvihisi ukipitisha kidole, na lina utamu wenye viungo kwa mbali bila kuwa zito.

Chaguo langu hapa ni Arturo Fuente Hemingway Short Story, ya Jamhuri ya Dominika. Ina urefu wa inchi 4 na imechongoka huku na huku. Uzuri wake kwa mgeni uko kwenye umbo hilo. Unapoiwasha, ncha ni nyembamba na moshi ni haba, ladha kama imejificha. Dakika chache baadaye moto unafika penye unene, moshi unajaa mdomo, na unajikuta umeinyanyua kuitazama kana kwamba mtu amekubadilishia. Hiyo ni siga inayokufundisha kwamba ladha inasafiri, na inakufundisha ndani ya nusu saa hivi. Tena hata aliyevuta mamia haioni ya kitoto. Kwa swali langu lile, hii inashinda.

2. Robusto yenye jani la Connecticut

Watu wengi wangeiweka hii ya kwanza, nami nawaelewa. Jani la Connecticut hukuzwa chini ya vitambaa vya kivuli ili libaki jembamba na laini. Mbegu yake siku hizi hulimwa sana Ecuador pia, ambako mawingu yenyewe yanafanya kazi ya kitambaa. Ladha ni ya krimu, karanga, na majani makavu. Macanudo Café na Ashton Classic ni mifano inayopatikana kwa urahisi na haikuangushi.

Robusto ni inchi 5 kwa unene wa 50. Unene huo huhesabiwa kwa sehemu za 64 za inchi, yaani hii ni zaidi kidogo ya robo tatu ya inchi. Inatosha kama saa moja. Usianze na churchill ya inchi 7 hata kama ni laini, maana mgeni huchoka katikati.

Nimeipa nafasi ya pili kwa sababu utaiacha, na pengine mapema. Nunua chache.

3. Nicaragua, ukishavuta kama ishirini

Hapa ndipo wengi huzama. Udongo wa volkeno wa Estelí na bonde la Jalapa hutoa tumbaku yenye pilipili, udongo na kahawa nzito. Oliva Serie V ina ligero nyingi ndani yake. Ligero ni majani ya juu kabisa ya mmea, yanayopigwa jua kuliko mengine, manene, yenye mafuta, yanayoungua polepole. Wasokotaji huyaweka katikati ya siga kwa sababu hiyo.

Siga yangu ya kwanza yenye ligero nyingi niliivuta nikiwa na njaa. Nilipofika nusu, kwikwi zilianza, mikono ikalowa jasho, na chumba kikawa kama kinaelea. Kama yatakukuta, iache izimike yenyewe, keti, kunywa kitu chenye sukari. Na safari nyingine ule kwanza.

Kwa anayetaka ukali wenye adabu, Padrón 1964 Anniversary. Jina lina 1964 kwa sababu ndio mwaka familia ya Padrón ilipoanza kazi Miami, lakini siga yenyewe ilitoka mwaka 1994. Imebanwa pande nne, na tumbaku yake hukaa miaka minne kabla ya kusokotwa. Mgeni akipewa hii mapema mno huiona "nzuri tu". Mpe tena baada ya mwaka, atanyamaza kwanza.

4. Maduro

Weusi wa siga haupimi ukali. Jani la maduro, lile jeusi, limechachushwa kwa muda mrefu zaidi, na mara nyingi linachofanya ni kuongeza utamu: kakao, zabibu kavu, kahawa. Kuna maduro laini za kuanzia, na kuna Liga Privada No. 9, ambayo ni tamu na nzito kwa pamoja. Uliza kilichomo ndani kabla ya kuhukumu rangi.

5. Kuba

Najua wengine wamekuja kwa ajili ya hii tu. Subiri. Siga ya Kuba ikiwa changa hukwaruza, na uzuri wake ni wa chini chini, unahitaji pua iliyokwisha kuzoea. Ukiwa tayari, anza na Montecristo No. 4, fupi na ya unene wa 42 tu. Angalia pia asili yake: kwa sababu ya vikwazo vya Marekani vya tangu 1962, kuna Montecristo ya Kuba na Montecristo ya Jamhuri ya Dominika, siga mbili tofauti zenye jina moja. Na ukiona Cohiba, jina jingine kubwa la Kuba, ndani ya boksi lenye kifuniko cha kioo, hizo ni za bandia. Usibishane na muuzaji, ondoka.

6. Zenye ladha za kuongezwa, na za mashine

Vanila au rumu hufunika kile unachojaribu kujifunza. Za mashine nyingi hujazwa tumbaku iliyokatwakatwa, huungua haraka na kwa joto. Hakuna zaidi la kusema.

Mwisho kabisa: boksi zima

Badala ya boksi, nunua mbilimbili. Moja vuta sasa na uandike ulichosikia, nyingine iweke miezi sita, kisha ivute bila kusoma ulichoandika kuhusu ile ya kwanza. Huhitaji kabati la mninga kwa kazi hiyo. Chombo cha plastiki kisichopitisha hewa na pakiti ya unyevu ya asilimia 65 hadi 69 kinatosha, mradi kikae mahali pa baridi. Joto likizidi nyuzi 24 hivi za Selsiasi, mayai ya mdudu wa tumbaku huweza kuanguliwa, na utakuta vitundu vidogo kama vya sindano kwenye jani.

Zile ndefu za rangi ya asali nilizozigawa, siku hizi nazitafuta kwa asubuhi. Nanunua mbili kwa wakati.