Seti ya visahani vitatu baada ya misimu miwili: uzoefu wangu wa gofu ya frisbi

Kosa langu la kwanza kwenye gofu ya frisbi lilinigharimu euro 19, na likaishia bwawani siku hiyohiyo. Nilikuwa nimeingia duka moja la michezo hapa Tampere, nikamwambia kijana wa kaunta nataka kisahani kinachokwenda mbali. Akanipa chekundu, kizuri cha kutazama, ukingo wake mwembamba kama kisu, namba 12 imeandikwa juu. Hakuniuliza kama nimewahi kurusha. Nami sikumuuliza 12 ni ya nini. Nilidhani kubwa ndiyo bora, kama tunavyonunua simu kwa kuhesabu megapikseli.

Mtupo wa kwanza ulikwenda kama mita 35, kikapinda kushoto na kulala kwenye majani. Wa pili vilevile. Wa sita ukapindia kwenye maji. Rafiki yangu wa Bukavu, ambaye ndiye aliyenivuta kwenye mchezo huu, alicheka mpaka akakaa chini. "Yaya, ile sahani iko na mbio kukushinda weye," akasema. Kesho yake nikanunua seti ya wanaoanza, na hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, maana nimeitumia misimu miwili sasa na kila Mswahili mpya anayefika hapa ananiuliza aanze na nini.

Kwa asiyeujua mchezo: ni gofu, ila badala ya fimbo na mpira unarusha kisahani. Unasimama kwenye mkeka wa kurushia, unalenga kikapu cha chuma kilichoning'inizwa minyororo, na kisahani kinapoangukia ndipo unaporushia tena. Anayemaliza kwa mitupo michache ndiye mshindi. Viwanja vingi vina "mashimo" 9 au 18, ingawa shimo lenyewe hulioni popote. Zamani shabaha zilikuwa nguzo na vitu vya namna hiyo, na watu walikuwa wakibishana kama kisahani kimegusa au hakikugusa. Mmarekani Ed Headrick, aliyekuwa amefanya kazi kwenye kampuni iliyotengeneza Frisbee, ndiye aliyekuja na minyororo na kikapu, na ubishi ukaisha: kimeingia au hakikuingia. Uwanja wa kwanza rasmi aliuweka Oak Grove, California, mwaka 1975. Alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki ya visahani. Nilipomsimulia mama hilo kwa simu akaguna tu, "Hao wazungu."

Hapa Finland mchezo huu hauna ubwana wowote, na ndiyo sababu ya kwanza ya mimi kuupenda. Viwanja vingi havina kiingilio wala mlinzi. Unatoka zamu saa nne usiku, Juni hii jua bado lipo, unapanda basi, unaingia msituni, unacheza. Mji wa jirani unaitwa Nokia. Ndiyo, uleule uliozipa jina zile simu za tochi. Kule kuna uwanja uitwao The Beast, na mwaka 2025 mashindano ya dunia ya wachezaji wa kulipwa yalifanyika huko Nokia na hapa Tampere. Mimi sichezi The Beast. Nacheza uwanja mdogo wa mtaani, ambako wastaafu wananipita wakiwa wamevaa mabuti ya mvua.

Sasa seti yenyewe. Nilichukua ya Innova, ile yenye Leopard, Shark na Aviar, kwa euro 27. Kampuni nyingine nazo zinauza seti za namna hiyo, na utaratibu ni mmoja: kimoja cha kwenda mbali kidogo, kimoja cha kati, kimoja cha kumalizia. Jambo la kuelewa kabla hujatoa hela ni zile namba nne zilizopigwa juu ya kisahani. Ya kwanza ni mwendo, yaani mkono wako unapaswa kukirusha kwa kasi kiasi gani ndipo kiruke kama kilivyokusudiwa. Ya pili ni uwezo wa kuelea. Ya tatu ni mwelekeo wake kikiwa bado na kasi, na ya nne ni kinavyopinda kikianza kuchoka. Leopard ni 6, 5, -2, 1. Ukiwa unatumia mkono wa kulia na unarusha kwa kuvuta kutoka kifuani, hiyo -2 inakipeleka kulia kidogo mwanzoni na ile 1 inakirudisha kushoto kidogo mwishoni, kwa hiyo kinanyooka. Kile chekundu changu cha 12 hakikufika hata nusu ya kasi yake. Kisahani kisichofikia kasi yake kinaruka moja kwa moja hadi sehemu ya mwisho ya safari, yaani kupinda kushoto na kuanguka. Kijana wa dukani angeweza kuniambia hayo kwa dakika moja.

Kwa Leopard nilitupa mita 50 wiki ya pili. Kisahani chepesi mkononi, chenye mwendo wa nusu ya kile cha kwanza, kikaenda mbali zaidi. Mpaka leo kuna watu nikiwaambia hili hawakubali mpaka warushe wenyewe.

Shark sina mengi ya kusema juu yake. Kinanyooka, kinatulia, hakishangazi. Nikiwa katikati ya miti na sijui nifanye nini, nachukua hicho.

Aviar ndicho kilichonibadilisha. Hiki ni cha kumalizia, kinene ukingoni, cha taratibu (2, 3, 0, 1), na mwanzoni nilikidharau kwa sababu hakiendi popote. Halafu siku moja nikahesabu: kati ya mitupo yangu 74 kwenye mashimo 18, zaidi ya 40 ilikuwa ndani ya mita kumi na kitu kutoka kwenye kikapu. Pale ndipo nilipokuwa napotezea, na kule nilikokuwa nakimbizana na umbali hakukuwa na tatizo kubwa kiasi hicho. Nikaanza kufanya mazoezi chumbani. Nimeweka kapu la nguo chafu ukutani, nasimama hatua tano, narusha mara thelathini kabla ya kuoga. Jirani wa chini alipanda kuuliza kuna nini. Nilimwonyesha kisahani, akasema "aa, friba," ndivyo wanavyouita mchezo huu hapa, akashuka zake ameridhika.

Kanuni moja ya kukumbuka mapema: ukiwa ndani ya mita 10 za kikapu, ukishaachia kisahani usivuke alama yako, yaani pale kisahani kilipoangukia, mpaka usimame sawasawa. Wanaoanza wote tunadondokea mbele. Rafiki yangu alikuwa ananihesabia adhabu kwa furaha ambayo haikuwa ya kirafiki.

Kuhusu namna ya kurusha, kila mtu atakwambia uanze na ule mtupo wa kuvuta: unakipa kikapu bega, kisahani kinapita kifuani kwenye mstari ulionyooka, vidole vinne chini ya ukingo, dole gumba juu. Ni ushauri mzuri. Kosa kubwa ni kuinua pua ya kisahani. Pua ikitazama mbinguni kinapanda, kinasimama angani kama kunguru aliyesahau anakokwenda, kinaanguka. Kishike bapa, tena afadhali ukihisi unakiinamisha kidogo. Na usikimbie. Nilipoteza mwezi mzima nikiiga zile hatua za wachezaji wa video, nikagundua kwamba nikisimama tu na kugeuza kiuno nafika palepale, tena bila kutafuta kisahani vichakani.

Lakini mimi mkono wangu ulikuwa na siri yake. Nimekulia Mwanza, na utotoni kazi yetu kubwa jioni ilikuwa kuokota vijiwe bapa ufukweni na kuvirusha viruke-ruke juu ya maji ya ziwa. Kijiwe kinatoka pembeni ya kiuno, kiwiko karibu na mbavu, kifundo cha mkono kinakatika mwishoni. Basi kuna mtupo wa pili katika mchezo huu, wa ubavuni, na ni uleule. Siku rafiki yangu alipouonyesha sikuhitaji somo. Kisahani kilitoka bapa, kikazunguka kama feni, kikapita katikati ya misonobari miwili ambayo ilikuwa imenikataa wiki tatu. Kwa mtupo huo kisahani cha mtu wa mkono wa kulia kinamalizia kulia badala ya kushoto, kwa hiyo ukiwa na yote miwili una njia ya kuzunguka karibu kila mti. Kama ulikulia karibu na maji, jaribu huu kwanza, usisubiri ruhusa ya mtu.

Plastiki ya visahani vya bei ya chini inachubuka. Leopard yangu imegonga miti mingi kiasi kwamba ukingo wake umeota vinyweleo, na sasa inapinda kulia zaidi kuliko ilipokuwa mpya. Sihesabu hilo kuwa kasoro: plastiki hiyo inashikika vizuri hata mvua ikinyesha, na kwa bei ile huoni uchungu kuirusha msituni. Utakapokuwa unajua unachotaka, nunua ya plastiki ngumu.

Rangi ni jambo ambalo hakuna aliyenionya. Kijani usiguse. Machungwa na njano ni nzuri hadi Septemba, halafu majani ya mibetula yanageuka njano yote kwa pamoja, na unajikuta umepiga magoti ukipapasa sakafu ya msitu kama mtu aliyedondosha pete. Waridi iliyokolea ndiyo inayoonekana majira yote. Wakati wa theluji watu wanabandika utepe mrefu chini ya kisahani, kikizama unaona mkia. Na andika jina na namba ya simu mgongoni kwa kalamu isiyofutika, hata kama unaona ni utoto.

Mkoba maalumu, viatu maalumu, taulo lenye nembo: acha vyote mwaka wa kwanza. Mfuko wa supamaketi unatosha visahani vitatu na chupa ya maji. Dawa ya mbu usiache, mbu wa hapa hawana malaria lakini hawana adabu pia. Programu ya UDisc weka kwenye simu, itakuonyesha viwanja vilivyo karibu na kukuhesabia mitupo. Na kama kuna watu mbele yako kwenye njia ya kisahani, subiri. Kisahani cha gofu si kile laini cha kuchezea ufukweni, kikimpata mtu kichwani ni hospitali.

Seti hii naipa nne na nusu kati ya tano. Nusu nimeikata kwa sababu Aviar kimoja hakitoshi. Mazoezi yanataka viwili au vitatu, na nililazimika kurudi dukani. Kama tayari unarusha mita 80, itakuchosha mapema.

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka namba nisiyoijua, kwa Kifini cha heshima. Mtu alikuwa amevua kisahani chekundu bwawani, kimeshika ukoga, jina langu bado linasomeka. Nikaenda kukichukua na pakiti ya kahawa mkononi. Jana nimekirusha tena kwa mkono wa kuvuta. Mita 40, kushoto.