Kujirekodi kwa simu au kumlipa kocha: kipi kitakunyooshea pigo la gofu?

Mpira ukitoka vizuri halafu ukakata kulia na kuzama vichakani, kila mtu klabuni ana dawa yake.

Kwa gharama, simu haina mpinzani: unayo tayari. Nyingi siku hizi hurekodi hadi picha 240 kwa sekunde, kwa hiyo unaiona fimbo ikishuka hatua kwa hatua. Ila iweke nyuma yako, usawa wa mikono, ikitazama unakolenga. Mimi nilihangaika wiki tatu nikirekebisha kosa ambalo halikuwepo. Kumbe stendi ilikaa upande!

Kwa uhakika, kocha anashinda. Simu inaonyesha kilichotokea, haisemi kwa nini. Kwa anayepiga kwa kulia, mpira hukata kulia kwa sababu uso wa fimbo umefunguka, yaani umeelekea kulia zaidi kuliko njia ambayo fimbo inapita. Wengi tunajitibu kwa kulenga kushoto zaidi, njia nayo inazidi kwenda kushoto, na mpira unakata vibaya kuliko mwanzo. Kocha atakuzungushia mkono wa kushoto kidogo kuelekea kulia juu ya mpini, basi.

Kwenye kudumisha, simu tena. Somo likiisha unabaki na mazoea yako ya zamani.

Kama ndiyo kwanza unashika fimbo, anza na kocha, hata masomo matatu tu. Kama kosa lako unalijua, simu na ndoo ya mipira vinatosha. Mwenye kocha naye amwombe ruhusa arekodi somo.